Tiketi ya msimu ni arubuni

Kila mwaka timu za magongo ya barafuni za Marekani na Kanada huwaandikia wenye tiketi za msimu barua ile ile: lipia mapema usipoteze kiti chako, na bei imepanda kidogo. Huku kwetu magongo tuliyoyajua ni ya nyasi, yale ya Mnazi Mmoja ya zamani, na barafu tunaijua ya kwenye kasha la samaki. Hata hivyo hesabu zao zinamfaa mweka hazina wa klabu yoyote Unguja na Pemba, hata ya kandanda, kwa sababu ligi yao, NHL, inategemea pesa ya mlangoni kuliko ile ya kandanda ya Kimarekani, ambayo inalishwa na televisheni.

Mtu anayepeleka kitambaa cha kanzu kwa fundi mwanzo wa Ramadhani huacha arubuni. Pesa iko mkononi mwa fundi, kanzu haipo. Tiketi ya msimu ni hivyo hivyo: mshabiki amelipa Julai kuona mechi ya Machi. Kwenye daftari la hesabu pesa hiyo bado si mapato. Ni deni, klabu inadaiwa mechi, na deni linapungua mechi moja moja zinavyochezwa. Klabu inayosahau hili ni sawa na fundi aliyekula arubuni za watu arubaini: kumi la mwisho likiingia anakopa uzi.

Kule msimu wa kawaida umekuwa wa mechi 82, nyumbani 41, na kuanzia 2026-27 zinakuwa 84, nyumbani 42. Uwanja wa barafu una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, barafu yenyewe unene wake ni sentimita tatu hivi, na chini yake kuna mabomba yenye maji ya chumvi yanayoigandisha usiku na mchana. Umeme huo haupungui hata wakija watu 4,000 kwenye ukumbi wa 17,000. Kiti kilichobaki wazi leo hakiuziki kesho, kama samaki wa Darajani jua likishazama. Ndiyo maana timu hukubali kumpa punguzo anayenunua mechi zote: ananunua na zile za Jumanne usiku dhidi ya timu dhaifu ambazo peke yake asingezigusa.

Ila hilo punguzo lihesabiwe vizuri. Timu nyingi huingiza kwenye tiketi ya msimu mechi za kujipima nguvu kabla ya ligi, kwa bei ile ile, wakati mastaa wamekaa jukwaani. Kuanzia 2026-27 mechi hizo zisizidi nne kwa kila timu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama bei imepanda kweli asitazame jumla ya ankara. Agawe jumla kwa mechi za ligi tu, kisha alinganishe na mwaka uliopita. Jumla inaweza kupanda na bei ya mechi moja ikabaki pale pale, na kinyume chake pia.

Sasa mishahara. Ligi ile ina kikomo cha mishahara cha kila timu. Kilianza 2005 baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro, na kilianzia dola milioni 39. Msimu wa 2024-25 kilikuwa milioni 88, wa 2025-26 milioni 95.5, na ligi na chama cha wachezaji walikwishatangaza milioni 104 kwa 2026-27 na 113.5 kwa 2027-28. Viongozi wa timu huonyesha tarakimu hizi wanapopandisha bei: mishahara imepanda, tufanyeje? Tuseme timu inatumia hadi kikomo. Ongezeko la kutoka 88 hadi 113.5 ni milioni 25.5. Ligawe kwa viti 17,000 mara mechi 42, unapata karibu dola 36 kwa kila kiti kila mechi. Ukisikia hivyo unaona huruma.

Usione huruma haraka. Tangu mkataba wa 2013 wachezaji na wamiliki wanagawana mapato ya mchezo nusu kwa nusu, na kikomo kinapigiwa hesabu kutokana na mapato hayo. Mapato yakipanda ndipo kikomo kinapanda. Mishahara inafuata bei, haiitangulii. Bei yenyewe inapangwa na jambo moja: watu wangapi wako nje wanasubiri kiti. Timu yenye foleni ya wanaosubiri itapandisha hata kama mishahara imeganda.

Wanaoumia kweli ni wa miji midogo, kwa sababu kikomo kinahesabiwa kwa mapato ya ligi nzima wakati wao wanakusanya kwa watu wa mji wao. Kuna na kima cha chini ambacho jumla ya mishahara ya timu haiwezi kushuka, dola milioni 70.6 kwa 2025-26, kwa hiyo huwezi kusema mwaka huu tunabana matumizi mpaka mwisho. Winnipeg, mji wa Kanada, ndio mfano. Timu yao ya kwanza ilihama 1996 kwenda Phoenix. Ilipokuja nyingine 2011 kutoka Atlanta, tiketi za msimu 13,000 zilikwisha kwa siku chache, na wanunuzi walifungwa na mkataba wa miaka kadhaa. Kufika 2023-24 zilishuka hadi kama 9,500, na ukumbi wao ni wa watu 15,000 na kidogo tu. Juu ya hayo wanakusanya dola za Kanada na kulipa wachezaji dola za Kimarekani. Ni kinyume cha hoteli za Nungwi, zinazokusanya dola na kulipa mishahara kwa shilingi. Kikosi cha milioni 95.5, dola moja ya Marekani ikiwa 1.35 za Kanada, ni kama milioni 129. Ikifika 1.40 ni karibu 134. Milioni tano zimetoka mfukoni na hakuna aliyefunga bao wala kukosa.

Kuna mtego mmoja wa kistadi. Mechi za mtoano zinapokaribia, mwenye tiketi ya msimu hulipishwa raundi kadhaa mapema. Timu ikitolewa, salio mara nyingi haliji nyumbani, linasogezwa msimu ujao. Umeshafungwa kabla hujaulizwa. Na mishahara ya wachezaji huishia msimu wa kawaida, mtoano wanagawana fungu la ligi tu, kwa hiyo kila mechi ya nyumbani ya mtoano ni faida karibu tupu kwa mmiliki. Timu iliyopanga bajeti kwa kutegemea mtoano na isifike huwa na pengo kubwa. Timu ya Pittsburgh ilifilisika 1998 ikiwa inadaiwa na nyota wake Mario Lemieux mishahara ya zaidi ya dola milioni 30 iliyoahirishwa, na deni hilo ndilo lililomfanya awe mmiliki 1999.

Tuje kwetu. Timu za vikosi kama KMKM, JKU na Zimamoto, wachezaji wengi ni waajiriwa, mshahara hautoki kwenye mfuko wa klabu. Klabu ya mtaani haina mto huo wa kuegemea, na kwake kadi ya msimu inaweza kusaidia ikipangwa vizuri. Chukua mfano wa kubuni: mechi 15 za nyumbani, kiingilio sh. 2,000. Zote ni sh. 30,000. Mshabiki wa kawaida haji zote, basi kadi iuzwe kwa thamani ya mechi kumi, sh. 20,000. Zikiuzwa 400 ni milioni nane. Kabla hujazishangilia, soma kanuni ya mgawanyo wa mapato ya mlangoni, ujue kama kadi nayo inakatwa.

Safari moja ya Pemba sasa. Watu 25, tuseme boti sh. 30,000 kwenda na 30,000 kurudi, ni milioni 1.5. Kula na kulala siku mbili kwa sh. 20,000 kwa siku ni milioni moja, gari za kwenda uwanja wa Gombani laki mbili. Jumla milioni 2.7, na safari tatu ni milioni 8.1. Kadi zote zimeliwa na bahari na bado laki moja haipo. Dawa ni akaunti mbili. Milioni nane iingie ya kwanza, na kila mechi ya nyumbani ikichezwa uhamishe sh. 533,000 kwenda ya matumizi, basi. Klabu iliyochota zote Septemba haitakuwa na nauli Februari.

Ukitaka kupandisha kadi kutoka 20,000 hadi 25,000, jua kwanza mahali ambapo hupati wala hukosi: milioni nane gawa 25,000 ni kadi 320. Unaweza kupoteza watu 80 ukabaki ulipokuwa. Baadhi ya hao 80 watarudi mlangoni na 2,000 zao, lakini pesa ya mlangoni ni ya kubahatisha: mvua ya masika, au Simba na Yanga kwenye televisheni jioni hiyo hiyo, na jukwaa linabaki na wazee wanne na muuza njugu.

Kadi yenyewe iwe na picha, la sivyo moja itaingiza ndugu watatu kwa zamu. Pembeni iwe na vyumba 15 vyenye namba, na mlangoni akae mtu mwenye kitobozi, asiweke alama ya kalamu, kwa kuwa kalamu inafutika. Andika nyuma kwamba kadi ni ya mechi 15 za nyumbani popote zitakapochezwa, uwanja wa Amaan au wa Mao, na kwamba mechi iliyoahirishwa chumba chake hakitobolewi mpaka ichezwe. Ratiba ikiingia Ramadhani na mechi zikahamishiwa baada ya tarawehe, kadi ile ile inaingia, bila nyongeza ya usiku.