Gari la Zamani Likigoma Kuwaka, Sikiliza Stata Kwanza

Unageuza ufunguo asubuhi na Corona ya miaka ya 90 haiitikii. Jirani anasema ni betri. Mwenye boda aliyesimama kutazama naye anasema ni betri. Kabla ya saa nne umeshanunua betri mpya na gari bado limelala pale pale. Hasara hii inauma, hasa kwa mtu ambaye gari ndilo linalomlisha, na mara nyingi ingeepukika kwa kutega sikio tu.

Magari mengi ya zamani ya hapa Uganda yaliingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi ya hayo ni Toyota zenye injini za 4A-FE, 5A-FE au 7A-FE. Ni injini rahisi kusoma. Swali la kwanza ni moja: je, stata (mota ya kuwashia) inazungusha injini? Kama haizungushi, achana kabisa na plagi na pampu ya mafuta. Kama inazungusha kwa nguvu ila injini haishiki, basi betri na stata hazina kosa.

Tuanze na stata isiyozungusha. Washa taa kubwa za mbele, mtu ageuze ufunguo, wewe simama mbele ya gari. Taa zikififia na ukasikia ta-ta-ta-ta ya haraka, umeme ni mdogo. Taa zikibaki kali na ukasikia "ko!" moja nzito, ugonjwa mara nyingi uko kwenye stata yenyewe. Taa zikiwa kali na kimya kabisa, amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Kwa gari la gia za oto, sogeza kutoka P (kuegesha) hadi N (huru) ujaribu tena. Likiwaka kwenye N peke yake, swichi ya gia imechakaa au imehama mahali pake.

Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha kumaliza ubishi wa betri. Betri iliyolala usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, na 12.0 imebaki na robo hivi. Lakini kipimo cha kweli ni wakati stata inavuta: ikishuka chini ya volti 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka. Gari likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, alterneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haichaji, na betri mpya utakayoweka itakufa vilevile.

Sehemu inayokula pesa za watu zaidi ni vichwa vya betri (vile vibano vinavyoshika nguzo zake) na nyaya zake. Ule unga mweupe wenye kijani unaouona juu ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine imejificha kati ya kichwa na nguzo ya betri, utando mweusi mwembamba ambao huuoni mpaka ufungue. Tumia spana namba 10, toa hasi kwanza, kisha chanya. Osha kwa maji ya moto yenye bikabonati, ile ile ya kupikia, kisha kwangua kwa msasa ndani ya kichwa na kuzunguka nguzo hadi risasi ing'ae. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Kichwa kikiwa bado kinazunguka kwa mkono, hujamaliza kazi.

Waya nao unaweza kuoza ndani ya plastiki ukionekana mzima kwa nje. Kuna njia ya kuukamata. Weka mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe (usiguse kichwa), nyingine iguse chuma kisafi cha injini, halafu mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, waya wa ethi (ule wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha gari na injini) au mahali ulipofungwa pana kasoro. Fanya hivyo hivyo kati ya nguzo ya chanya na bolti nene ya stata. Hapo isizidi 0.5. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu waya wa ethi ni bei ndogo sana ukilinganisha na stata, na mafundi wengi hawaugusi.

Sasa ile "ko!" moja. Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za wakati ule zina vipande viwili vya shaba nyuma, chini ya kifuniko cha bolti tatu. Kila unapowasha, kisahani cha shaba kinavigonga ili umeme mkubwa upite. Miaka ikienda vinaliwa, na cha upande wa betri kwa kawaida ndicho kinachotangulia. Dalili yake huwezi kuikosea: unageuza ufunguo mara tano, sita, mara ya saba stata inazunguka kama mpya. Fungua hasi ya betri, toa stata, fungua kifuniko, utaona kipande kimeliwa upande mmoja. Kwenye maduka ya spea ya Kisekka, Kampala, uliza vipande hivyo kabla hujakubali kubadilishiwa stata nzima kwa iliyotumika, ambayo nayo hujui imegongwa mara ngapi.

Kimya kabisa baada ya kukagua fyuzi na gia? Shuku alamu. Alamu zilizofungwa baadaye hukata waya wa stata, wa moto wa koili (inayokuza umeme wa plagi), au wa pampu, kisha waya huo unapitishwa kwenye relei (swichi ya umeme) ndogo chini ya usukani, mara nyingi kwa kusokotwa na kufungwa utepe tu. Joto na mtikisiko wa barabara hulegeza maungio hayo. Fundi wa umeme aifuate nyaya kwa nyaya, na akiitoa alamu, aunganishe waya wa asili kwa kuulehemu.

Kama stata inazungusha lakini injini haishiki, usiendelee kukandamiza ufunguo. Sekunde 10, kisha ipumzishe dakika moja, la sivyo utaichoma. Geyji ya mafuta ya gari la zamani usiiamini. Ongeza lita 3 kwanza. Halafu fungua kile kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu yenye alama Fp na +B kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON. Pampu ilie kwenye tangi. Ikilia hapo lakini hailii wakati wa kupiga stata, pampu ni nzima. Tafuta relei yake, au ishara ya mzunguko wa injini isiyofika kwenye kompyuta ya gari.

Kiboksi hicho kinatoa pia namba za hitilafu. Unganisha TE1 na E1, ufunguo ON, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mmweko mmoja, kituo, kisha miwili ni 12: kompyuta haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta (kigawa umeme cha plagi). 14 ni upande wa koili na ignita (swichi inayoiendesha koili). 22 ni sensa ya joto la maji, na hii ndiyo inayosumbua gari linalowaka vizuri Kampala mchana lakini linakataa alfajiri ya baridi kule Kabale. Sensa nzima husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20.

Plagi zikitoka zimelowa petroli, injini imezama mafuta. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na upige stata sekunde chache bila kuiachia. Plagi zikitoka kavu, rudi kwenye pampu na filta. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sauti laini bila kukaza, mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu) huenda umekatika. Kwenye 4A-FE valvu hazipigwi na pistoni, kwa hiyo mkanda mpya kwa kawaida unatosha.

Na msimu wa mvua, likizimika ndani ya maji ya mafuriko ya Bwaise, Kampala, usipige stata hata mara moja. Fungua kwanza boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, vutisha gari, toa plagi zote nne, chomoa plagi ya umeme ya distribyuta, ndipo uzungushe injini ili maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, kitakachopinda ni konrodi, fimbo inayoshika pistoni.