Kuovakloki prosesa za bei nafuu katika joto la Malindi

Karibu kila mwongozo wa kuovakloki, yaani kuipandisha prosesa ya kompyuta juu ya kasi iliyowekewa kiwandani, unaosomwa mtandaoni umeandikwa na mtu aliyeketi katika chumba chenye nyuzi 20 au 22 za Selsiasi, na jambo hilo peke yake linatosha kuufanya usifae kuigwa hapa Malindi kama ulivyo. Kipozajoto cha prosesa hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye chipu na kulikabidhi kwa hewa ya chumba, na tofauti kati ya nyuzi za chipu na nyuzi za hewa hiyo haibadiliki sana ikiwa kazi inayofanywa ni ileile na feni inazunguka vilevile. Basi kipozajoto kinachoiweka prosesa nyuzi 40 juu ya hewa iliyoizunguka kitamwonyesha aliye katika chumba cha nyuzi 21 namba 61, naye atasema ana nafasi tele. Chumba changu, chini ya mabati, katika maleleji ya Machi ambapo kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaingia, hufika nyuzi 33 mchana, na kipozajoto hichohicho kitanionyesha 73 kabla sijagusa mpangilio wowote. Ninachoshikilia, kwa hiyo, ni kwamba kwa prosesa ya bei nafuu katika pwani hii swali la kwanza si itafika gigahezi ngapi, bali ni volti chache kiasi gani zinatosha kuiendesha pale ilipo sasa.

Lazima kwanza prosesa yenyewe ikubali. Zipo chipu za bei ya chini zilizoachiwa wazi kizidishi, ile namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata kasi ya prosesa: Pentium G3258 ya Intel ya mwaka 2014, Ryzen 3 1200 ya AMD ya 2017, na Athlon 3000G ya 2019 iliyotoka kwa dola 49. Kwa upande wa AMD takriban familia yote ya Ryzen iko wazi, ila mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, ndiyo inayoamua: zenye chipuseti (chipu inayoiongoza bodi) ya B350, B450 au B550 huruhusu, za A320 na A520 hukataa. Intel kwa kawaida huhitaji prosesa yenye herufi K pamoja na mazabodi ya daraja la Z, na hapo unafuu wa bei umekwisha. Mashine za ofisi za mitumba, nzuri kama zilivyo kwa kazi za duka na shule, karibu zote zimefungwa, na anayeahidi kuzipandisha kwa programu ya kupakua aepukwe.

Sasa hesabu yenyewe. Nguvu inayotumiwa na chipu ikiwa kazini hukua sambamba na kasi ya saa yake, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 3.4 kwa volti 1.20, kisha uipeleke 3.8 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 12 hivi, na volti vivyo hivyo, lakini nguvu imepanda kwa takriban asilimia 41, na nguvu hiyo yote hugeuka joto. Tena chipu ikipata joto, umeme unaovuja ndani ya transista zake huongezeka, nao huleta joto zaidi. Ndiyo maana mpangilio uliotulia usiku huweza kuporomoka alasiri pasipo mtu kuugusa. Volti na joto vikishirikiana huharakisha pia uchakavu wa njia nyembamba za umeme zilizomo ndani ya chipu, hadi ifike siku prosesa inataka volti zaidi kwa kasi ileile iliyokuwa ikiimudu. AMD ilipozitoa Ryzen za kwanza ilishauri volti zisizidi 1.35 kwa matumizi ya muda mrefu, ikieleza kuwa 1.45 inawezekana lakini kwa kuhatarisha umri wa chipu. Mimi, kwa joto letu, sivuki 1.30 kwa chipu hizo na sioni kwamba ninakosa kitu, maana zenyewe huanza kugoma karibu na gigahezi 4 hata ukizimiminia volti.

Mtoto wa ndugu yangu, ambaye huhariri video za harusi huko Maweni, ana Ryzen 3 1200 kwenye mazabodi ya B350 aliyoinunua mtumba. Alinijia akiwa ameshatazama mafunzo mengi.

"Ami, hawa wote wanaweka 1.4 na mashine zao hazizimi," aliniambia.

"Hao, mwanangu, wanapima dakika kumi wapate cha kuonyesha. Wewe una harusi nzima ya kutoa usiku kucha."

Tulianza kwa kushuka badala ya kupanda. Katika BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya mazabodi, tuliiondoa volti ya kujipanga yenyewe, kwa sababu mazabodi nyingi za bei ya chini, zikiachiwa, humwaga volti kupita mahitaji ili mwenye mashine asilalamike. Tukaweka kizidishi 34, ambacho kwa saa ya msingi ya megahezi 100 ni gigahezi 3.4, kisha tukashusha volti hatua kwa hatua, kila hatua tukiendesha Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito, na kutazama HWiNFO, inayoonyesha joto na volti, mpaka Cinebench ikaanguka. Tukarudi juu hatua mbili. Hapo ndipo tulipoijua chipu ile. Kupanda kukaanzia pale, robo ya kizidishi kwa mara moja, yaani megahezi 25, na volti ikiongezwa pale tu kasi mpya ilipokataa kutulia. Kila chipu ina tabia yake hata zikitoka kiwanda kimoja, kwa hiyo namba zake haziwezi kuwa zako, lakini mwenendo ni uleule: kwa muda kasi hupanda bila kudai volti nyingi, halafu hufika mahali ambapo kila nyongeza ndogo inadai volti kubwa kuliko iliyotangulia. Ni afadhali kusimama hatua moja kabla ya hapo. Ya kwake ilisimama kwenye 3.7 kwa volti 1.25. Mashine ikikataa kuwaka kabisa njiani, si msiba: huchomolewa kwenye umeme na betri yake ndogo ya CR2032 hutolewa kwa dakika chache ili BIOS isahau yote.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni VRM, ile sakiti iliyo kando ya soketi ya prosesa, inayopokea volti 12 kutoka pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kitu. Kwenye mazabodi za bei nafuu ina vipande vichache, mara nyingi bila bamba lolote la kuvipoza, na kipimajoto cha prosesa hakisemi lolote juu yake. VRM ikizidiwa na joto, prosesa hupunguziwa kasi ghafla ilhali HWiNFO inaonyesha chipu yenyewe iko nyuzi 70 tu, na mwenye mashine hubaki akiilaumu Windows. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba kipozajoto kifupi kinachokuja na prosesa, kinachopuliza hewa kuelekea chini, huipoza VRM pia, ilhali kile kirefu kama mnara, kinachosifiwa na kila mtu, hupuliza hewa kando na kuiacha VRM katika hewa iliyosimama. Anayebadilisha kimoja kwa kingine kwenye mazabodi isiyo na bamba aelekeze feni ndogo upande huo. Vilevile mpangilio wa LLC, unaozuia volti isishuke kazi inapozidi, usiwekwe kwenye daraja la juu kabisa, kwa kuwa kazi inapokoma ghafla volti huruka juu ya ile uliyoandika, kwa muda mfupi ambao programu haiwezi kuuona.

Kupima kwenyewe kufanywe saa nane mchana, kasha likiwa limefungwa kama litakavyotumika, si saa tano usiku upepo wa bahari ukipita dirishani. Kikomo cha Ryzen 3 1200 ni nyuzi 95, lakini mimi sitaki chipu ivuke 85 chini ya Prime95 katika mchana wa Machi. Prime95 ni programu ya majaribio inayoibana prosesa kupita kazi za kawaida. Neno la mwisho, hata hivyo, ni kazi yenyewe. Toa video ndefu, kisha uitazame, kwa sababu mpangilio usiotulia si lazima uzime mashine. Huweza kuacha fremu yenye miraba ya kijani katikati ya kirumbizi, au kuandika kosa la WHEA, yaani la vifaa vya mashine, kimyakimya kwenye kumbukumbu za Windows.

Walio karibu na bahari, kama kule Shela, wana mzigo wa ziada: vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu hushika kwenye mapezi ya kipozajoto kama gundi, na kupuliza peke yake hakulitoi. Brashi ya rangi na spiriti hulitoa.

Kwa prosesa mpya zaidi, kama Ryzen 5 5600 ya 2022, siongezi kasi kabisa. Hujipandisha yenyewe kadiri joto na nguvu vinavyoiruhusu, na anayeifungia kasi moja kwa viini vyote, zile sehemu zake zinazofanya kazi sambamba, mara nyingi huinyima ile iliyokuwa ikiifikia kwa kiini kimoja. Tena volti za kupita kiasi si hatari kwa wanaoovakloki pekee: mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 ziliyumba kwa sababu ya volti za juu mno, ikarefusha dhamana kwa miaka miwili. Badala ya kuongeza, mimi huingia kwenye Curve Optimizer, mpangilio wa AMD ulio katika BIOS, na kuipa namba hasi, 10 kwanza, kisha 15, ili prosesa ipewe volti ndogo kwa kila kasi. Joto linaposhuka, kasi hupanda yenyewe. Namba hasi ikizidi, hata hivyo, mashine huweza kustahimili Prime95 na kuanguka ikiwa haina kazi, mtu anaposoma barua pepe tu, maana ndipo kiini kimoja hurukia kasi ya juu kabisa kwa ghafla. Iwashwe usiku mzima bila kazi yoyote kabla ya kukabidhiwa mwenyewe.