Helmeti ya Nne

Mwaka 2015, majira ya kuchipua, nilikuwa dereva wa basi dogo la kanisa letu kusini-magharibi mwa Atlanta. Mzee mmoja muumini mwenzetu, aliyekuwa kocha wa besiboli wa watoto wa mtaa wetu, aliniomba nimpelekee timu yake kwenye mechi kaunti ya Cobb.

"Dada, treni haifiki huko," aliniambia.

Ni kweli, haifiki. Wapiga kura wa Cobb waliikataa MARTA, shirika la mabasi na treni la Atlanta, mwaka 1965, na hadi leo treni zake haziingii kaunti hiyo. Wavulana wale, wote weusi, wa miaka kumi na moja na kumi na miwili, walilelewa na mama au bibi ambao Jumamosi huwa kazini, na wengi hawakuwa na gari. Bila basi la kanisa, mechi ya Cobb ilikuwa ya kuisikia tu.

Mimi nimekulia Tanga, ambako chandimu ilihitaji makaratasi, kamba na uwanja wowote. Besiboli haiko hivyo. Glovu ni fedha, gongo zuri linaweza kuzidi dola 300, na timu zinazosafiri kutafuta mashindano hudai maelfu ya dola kwa mwaka. Kocha hakumtoza mzazi hata senti. Vifaa vya timu nzima vilikaa kwenye mfuko mmoja wa turubai, na ndani yake mlikuwa na helmeti tatu.

Katika raundi ya nne tulikuwa nyuma kwa mikimbio miwili, yaani pointi mbili. Watoto wetu wakapiga vizuri, mmoja baada ya mwingine, mpaka besi zote tatu, vituo ambavyo mchezaji huvipitia hadi arudi alipoanzia na kupata mkimbio, zikajaa. Hapo ndipo kila timu huomba ifike. Lakini kila aliyesimama kwenye besi alikuwa na helmeti kichwani, na wa kupiga, mtoto mdogo kuliko wote, tena wa mkono wa kushoto, akaja na gongo begani na kichwa kitupu.

Mwamuzi akasimamisha mchezo. Alikuwa na haki. Mpira ule ni mgumu, hapigi mtu wala hakimbii bila helmeti. Wapinzani wetu walikuwa nazo zimening'inia kwenye uzio, kila moja na namba ya mwenyewe. Uwanja ukanyamaza. Nilimtazama yule mtoto akichimba vumbi kwa ncha ya kiatu, hataki kutazama upande wa wazazi, na moyo ukaniuma kwa hasira ambayo bado ninayo. Kisha kijana mmoja wa upande wa pili akaitungua ya kwake, akamtazama kocha wake, kocha akaitikia kwa kichwa.

Ilimpwaya mtoto wetu. Akaisukuma nyuma ipate kumwonyesha mrushaji, akapiga mpira wa chini uliopenya katikati ya besi ya kwanza na ya pili. Wawili wakaingia, tukasawazisha.

Mwishoni tulishindwa. Njiani watoto walibishana kuhusu Jackie Robinson West, timu ya watoto weusi wa Chicago waliyoitazama kwenye televisheni Agosti iliyotangulia ikitwaa ubingwa wa Marekani, kisha ikavuliwa Februari kwa kuchezesha watoto wa nje ya mipaka ya mitaa yake. Walikasirika kama waliovuliwa ni wao.

Kocha alikaa mbele pamoja nami. "Nina watoto wanaojua kujaza besi," alisema, "sina cha kuwavika wakishazijaza."

Mwaka 2022, World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilipochezwa bila hata mchezaji mmoja mweusi mzaliwa wa Marekani, mara ya kwanza tangu 1950, niliwasikia watu wakisema vijana wetu hawaupendi tena mchezo huo. Nilikuwa pale. Waliupenda.

Jioni ya mechi ile ya Cobb tulipanga: helmeti kwanza, mafuta ya basi pili, jezi baadaye. Wiki iliyofuata kina mama wa kanisa wakakaanga samaki, wakauza sahani kwa sahani mpaka giza, na helmeti sita zikanunuliwa. Jezi zilisubiri hadi Julai. Watoto walicheza na fulana walizotoka nazo nyumbani.