Nilivyomsajili jirani yangu alipwe kwa kulea wanangu

Hapa Buffalo, jimbo la New York, kaunti inaweza kumlipa jirani yako akae na watoto wako ukiwa kazini, hata kama hana leseni wala kituo. Wengi wetu tuliotoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tumesikia hivyo na hatuamini. Mimi nilikuwa nampa Bibi (ndivyo wanangu wanavyomwita mama mmoja Mbembe, mtu wa Kongo, jirani yetu anayewalea) chochote mkononi kila Ijumaa, na mwezi ukibana nampa mchele. Nilipopata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, zamu ya jioni, niliomba ruzuku ya kaunti ya kulipia malezi ya watoto, nikakubaliwa. Halafu nikaambiwa mlezi naye lazima asajiliwe.

Swali la kwanza ni undugu. Mlezi akiwa bibi au babu wa mtoto, shangazi au mjomba, njia ni fupi, na mafunzo hadaiwi. Bibi wetu alinipokelea mtoto kambini, lakini kwa sheria yao ni mtu baki. Kuna waliotushauri tuandike shangazi. Nilikataa, maana fomu ya kumsajili mlezi, OCFS-LDSS-4699, inasainiwa na mzazi na mlezi wote wawili, na sikutaka mama wa watu aingie matatani kwa ajili yangu. Tukaandika jirani. Hapo kukatokea jambo zito zaidi ya fomu: mtu baki asiye na leseni haruhusiwi kulea watoto zaidi ya wawili wasio ndugu zake kwa zaidi ya saa tatu kwa siku. Wangu ni wawili, na jioni alikuwa na wa mama mwingine pia, ikabidi hao awaache. Yule mama alinuna, na sikumlaumu.

Kilichotuchelewesha hasa ni watu wa nyumbani kwake. Kila mwenye miaka 18 na zaidi anayeishi pale anachunguzwa: alama za vidole, rejista ya waliowahi kudhuru watoto, na kumbukumbu za kila jimbo alilokaa miaka 5 iliyopita. Mtoto wake wa kiume alikuwa amehamia kutoka Kentucky, ikabidi majibu yangojewe huko. Mpangaji wake aliposikia alama za vidole alidhani ni mambo ya uhamiaji. Nilikaa naye jikoni nikamweleza taratibu, na bado alitaka kwanza kusikia kwa mchungaji. Ukitaka kuanza, anza na hao, kabla hujagusa fomu.

Kisha tarehe za kuzaliwa. Sisi wa kambini wengi wetu tumeandikwa tumezaliwa Januari 1, na majina yetu yamepinduliwa kila ofisi kwa namna yake. Nilinakili jina lake kama lilivyo kwenye kadi ya soshali (kadi ya namba ya hifadhi ya jamii), herufi kwa herufi, nikaandika pembeni majina mengine yote yaliyowahi kutokea kwenye karatasi zake.

Nyumba nayo ina orodha yake: kengele ya moshi inayolia, njia mbili za kutokea, simu inayofanya kazi, dawa na sabuni kali mbali na mikono ya watoto. Hilo lilikuwa rahisi. Mafunzo ya afya na usalama yalikuwa ya mtandaoni, kwa Kiingereza, nami nikamkalia pembeni kutafsiri. Walipofika kwenye kumlaza mtoto mchanga chali, bila mto wala blanketi, mama huyu aliyelea saba aliguna akasema waendelee tu. Kuhusu dawa alikasirika kweli: bila mafunzo maalumu ya kutoa dawa, hata ya homa haruhusiwi kumpa mtoto. Tulikubaliana joto likipanda ananipigia simu.

Barua ya kukubaliwa ilipofika, kazi ikawa karatasi za mahudhurio: saa ya kuja, saa ya kuondoka, saini zetu wote wawili. Nazijaza kila usiku ninapowachukua watoto, maana ukingoja mwisho wa mwezi hukumbuki lolote, na karatasi yenye pengo inarudishwa. Sehemu ya malipo ninayodaiwa mimi mzazi nampa mwenyewe mkononi.

Pesa ya kaunti ni mapato yake, na hakuna kodi inayokatwa kabla hajalipwa, kwa hiyo inabidi aweke akiba ya msimu wa kodi. Pia inahesabiwa kwenye stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula. Hilo lilimnyima usingizi, basi tulikwenda naye kuripoti mapema. Stempu zilipungua kidogo; akapiga hesabu, akaona bado anabaki na faida.