Saa imeibiwa, glavu imepatikana

Wiki hii nimechoka ila nimefurahi sana, sijui hata nianzie wapi. Huku Minneapolis, Marekani, Jumapili ya pili ya Machi ndo wanasogeza saa mbele, unalala zako vizuri unaamka saa nzima imeshapotea na hakuna wa kumdai. Mama akapiga kutoka Tanga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, huko saa ngapi maana mi nimezoea tunapishana saa 9. Nikamwambia mama kuanzia leo ni 8. Kimya kidogo, halafu: "Kwani na jua la huko nalo linaamrishwa?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ila hajakosea, sisi ambao saa moja ni jua limetoka na saa moja ingine ni jua limezama tutaielewaje hii habari. Jumamosi tulifuturu saa kumi na mbili na dakika chache, Jumapili saa moja na dakika chache, ukiangalia ukutani unaona kama wamekuongezea saa nzima ya njaa wakati mfungo ni ule ule tu. Na mama yeye kwake hakijabadilika kitu, anaamka saa kumi kula daku, mi ndo nimemaliza futari nakunywa chai, tunaongea yeye anatafuna.

Lakini jamani theluji inayeyuka!! Kwenye paa ni matone tu kutwa, tii tii tii, nimefungua dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Nyuzi 10 tu watu washavaa kaptula, mi bado na koti langu, tusidanganyane. Na harufu pia imekuja, maana uchafu wote wa mbwa wa miezi minne ulikuwa umehifadhiwa kwenye friji ya Mungu. Barabara nazo ndo usiseme, maji yanaingia kwenye nyufa mchana, usiku yanaganda yanavimba yanainua lami, asubuhi unakuta shimo la kupika ugali wa harusi.

Ila baridi hiyo hiyo ya usiku na joto la mchana ndo inafanya mti wa mepo (maple) utoe maji yake matamu. Kuna mzee namfahamu kazini anatoboa miti yake uani, anachemsha kama lita 40 apate lita 1 ya sharubati, lita arobaini! Kanipa kichupa kidogo, nikaja nyumbani nikapika vibibi nikamwagia. Sitaki kuongea sana, ila tui la nazi limepata mke mwenza.

Ijumaa sasa. Mwaka huu mfungo na Kwaresima zimegongana, na huku Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima wanakaanga samaki kwenye kumbi za makanisa, mtaa mzima unaenda hata asiyesali. Nikapanga foleni na hijabu yangu, mabibi wanaogawa wananiita "honey", yaani mpenzi, nikachukua minofu, viazi na kachumbari ya kabeji iliyozama kwenye mayonezi (hiyo kachumbari hapana, ndimu iko wapi?), nikakimbia nayo nyumbani. Samaki wenyewe kidogo wamepoa, chumvi haipo, nikawapigia pilipili ya kwetu wakanyooka.

Jirani yangu mama wa Kisomali, aliyeishi Eastleigh ya Nairobi miaka mingi kabla ya kuja huku, akagonga mlango na sahani ya wali na ndizi mbivu juu. "Wewe unakula peke yako kama polisi, kuja huku na hiyo samaki yako." Nikaenda. Wali na ndizi nilikuwa nacheka zamani, sasa hivi bila ndizi naona wali haujaisha kupikwa. Tangu 2023 mji huu umeruhusu adhana kwenye vipaza sauti swala zote tano, na dirisha likiwa wazi hivi naisikia kwa mbali ikichanganyika na yale matone ya paa.

Jumamosi natoka kwenda kazini, pale kwenye rundo la theluji la paking limebaki dogo jeusi kama mkaa, naona kitu chekundu. Glavu yangu! Ile niliyoitafuta Desemba mpaka nikalia. Imelowa, imekakamaa kama dagaa, ila ni yenyewe, ya kushoto.

Ya kulia niliitupa Januari. Na Jumapili theluji ikaanguka tena.