Mkarateka akienda judo, aanze na kuanguka

Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 baada ya kusomea mitindo miwili ya jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya Kijapani, na mwaka 1922 alimwalika Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, aonyeshe karate pale Kodokan, shule yake ya judo. Kuchanganya mitindo si usaliti hata kidogo!

Mkarateka ajifunze kwanza kuanguka: kidevu kifuani, pumzi nje, mkono mzima upige mkeka ukiwa nyuzi 30 hadi 45 kutoka mwilini. Wengi huutanguliza mkono nyuma ili wajizuie, na hapo kiwiko au kifundo cha mkono hubeba uzito wote. Kinateguka.

Zenkutsu, ule msimamo mrefu wa karate wa goti la mbele kupinda, nao huponza, kwani mguu wa mbele hauondoki upesi ukifagiwa. Simama wima, miguu upana wa mabega. Na vaa mkanda mweupe wa anayeanza, tafadhali.