Mwanga wa dirishani na kichanga wa siku tano

Kwa kumpiga kichanga picha kwa simu nyumbani, siku ya tano mpaka ya kumi ndizo ninazozipenda. Mtoto bado analala usingizi mzito, bado anajikunja kama alivyozoea tumboni, na uvimbe wa uso aliozaliwa nao umeanza kushuka. Ila kwenye nyumba zinazofanya akika, sadaka ya Kiislamu ya kuzaliwa mtoto, siku ya saba, nywele za tumboni hunyolewa siku hiyo. Basi picha ya utosi, na ya kisogo pale nywele zinapojizungusha, ipigwe kabla ya wembe.

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mzazi, nitachagua dirisha. Zima taa zote, maana balbu hutia rangi yake na dirisha hutia yake, na uso wa mtoto unabaki nusu njano nusu buluu. Flashi nayo izime: humshtua mtoto na kufuta vile vivuli vidogo vinavyolipa shavu umbo lake. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja: la mashariki lifae alasiri, la magharibi asubuhi kati ya saa mbili na saa nne. Jua likiingia, kivuli cha nondo kitamlalia mtoto usoni; funika dirisha kwa chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili, mwanga utalainika.

Sasa mlaze chali kitandani, mita moja hivi kutoka dirishani, kichwa kikielekea dirishani lakini kwa mshazari. Mwanga uteremke kutoka kwenye paji la uso kwenda kidevuni. Tazama kivuli cha pua: kikianguka kuelekea pembe ya mdomo, umepatia. Miguu ikiwa ndiyo inayoelekea dirishani, mwanga unapanda kutoka chini, unaingia matundu ya pua, na uso mzuri kabisa unatoka wa kutisha. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na dawa yake ni kumgeuza tu.

Khanga nyekundu ni nzuri, lakini hutupa wekundu wake shavuni. Karibu na uso weka shuka jeupe au la maziwa, khanga ikae kiunoni. Shuka jeupe nalo lina lake: simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na mtoto mweusi anatoka amefifia kizani. Gusa uso wake kwenye kioo, kijua kidogo kikitokea kivute juu kidogo. Kwenye blanketi jeusi fanya kinyume chake, kivute chini.

Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini. Ukungu mwingi wa picha za simu ni mafuta ya vidole. Usimsogelee mno, pua itavimba pichani. Rudi nyuma, tumia ukuzaji wa mara mbili, lenga kope. Picha ikicheza, mwanga ni mdogo: msogeze dirishani badala ya kungoja atulie.

Anyonye kwanza, acheue, asubiriwe robo saa. Feni izimwe, hasa akiwa hana nguo, maana kichanga hupoteza joto haraka. Kitovu kisipodondoka, mtandio mwepesi unatosha kukisitiri. Akilia, picha zimekwisha kwa sasa.

Kuna ile picha ya mtoto aliyeegemeza kidevu kwenye viganja vyake. Ile ni picha mbili zilizounganishwa, na kila moja ina mkono wa mtu mzima uliomshika, nyumbani isijaribiwe. Simu isining'inie juu ya uso wake bila kamba ya mkononi, na mtu mwingine akae umbali wa kumfikia.

Picha ndogondogo zina thamani sana: nyayo zinazobambuka ngozi, kidole cha bibi kilichofumbatwa na ngumi. Huko kubambuka usikufute kwenye programu, ni ngozi ya wiki ya pili ilivyo.

Na rangi ya njano? Mwanga wa dirishani hauifichi. Ukiiona kwenye picha, mtazame mwenyewe, weupe wa macho kwanza. Manjano ya siku ya kwanza, au yaliyoshuka mpaka mikononi na miguuni, yaonwe na daktari siku hiyohiyo.